Kabla ya kisu kuna maswali

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu, na kuna waliodhani nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa nasoma, na aliyenipeleka vitabuni ni rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo. Alikuja kwangu Jumapili moja jioni, mkononi kashika daftari la shule, akaniambia: "Wewe si mwandishi wa habari? Kazi yako ni kuuliza watu maswali. Basi leo niulize mimi."

Nitamwita "yeye" tu. Kiswahili kimetupa neno ambalo halisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, na kwa kisa hiki linatosha kabisa. Yeye amejiwekea akiba kwa miaka sita ili afanyiwe upasuaji wa kubadili jinsia, na ana miadi na daktari mpasuaji huko Bangkok. Miadi yenyewe si ya kisu, ni ya mazungumzo ya kwanza. Lakini anaiogopa siku hiyo kuliko kisu. Daftari lile lilikuwa limejaa majibu. Akiulizwa alianza lini kujitambua, atajibu hivi. Akiulizwa alicheza michezo gani utotoni, atajibu hivi. Akiulizwa anampenda nani, atajibu vile. Alitaka mimi niwe daktari, tufanye mazoezi.

Tukaanza. Nilipofika swali la nne au la tano nikasita, maana nilijisikia kama polisi anayechukua maelezo ya mtuhumiwa, na yeye alikuwa anajibu kama mtuhumiwa aliyefundishwa na wakili wake. Nikamuuliza: hivi nani alikwambia kwamba kwenda kwa daktari ni mtihani? Akajibu: "Kila mtu anajua."

Kila mtu amejuaje? Hilo ndilo lililonikalisha na vitabu wiki tatu. Ndugu msomaji, nilichokuta ni kwamba rafiki yangu hajakosea. Kwa miaka mingi chumba kile kilikuwa chumba cha mtihani kweli, na walioingia humo walijifunza kudanganya ili wafaulu. Hofu yake ina historia, na historia hiyo ina kama miaka mia moja.

Berlin: dodoso la Hirschfeld

Tarehe 6 Julai 1919 daktari wa Kijerumani, Magnus Hirschfeld, alifungua mjini Berlin taasisi ya utafiti wa mambo ya jinsia na mapenzi. Palikuwa na maktaba, makumbusho na vyumba vya madaktari, na mtu wa kawaida aliweza kuingia kuomba ushauri. Hirschfeld alikuwa na dodoso lake maarufu lenye maswali zaidi ya mia moja: wazazi wako, utoto wako, ndoto zako, mavazi yako, mapenzi yako. Hakuwa anatafuta mwongo. Alikuwa anakusanya ushahidi kwamba watu wa namna hii wapo, wamekuwapo, na si wahalifu.

Mmoja wao aliitwa Dora Richter. Alizaliwa mwaka 1892 huko Bohemia, akaandikishwa kama mtoto wa kiume. Pale kwenye taasisi alifanya kazi za ndani. Mwaka 1922 aliondolewa korodani. Akasubiri miaka tisa. Mwaka 1931 daktari Ludwig Levy-Lenz alimwondoa uume, na Erwin Gohrbandt akamtengenezea uke. Daktari mwenzao, Felix Abraham, aliandika ripoti mwaka huohuo, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: tukiwakataa watu hawa, watajikata wenyewe.

Wakati huohuo mchoraji wa Denmark, Lili Elbe, alifanyiwa upasuaji mara nne kati ya mwaka 1930 na 1931, wa kwanza Berlin na uliofuata Dresden kwa daktari Kurt Warnekros. Lili alitamani kuwa mama. Alifariki Septemba 1931 kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa mwisho. Kumbuka kwamba enzi hizo hapakuwa na antibayotiki kama tunazozijua, wala dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo cha mtu mwingine. Hakuna aliyeweza kumwambia kwa uhakika kisu kinaishia wapi. Nilipolisoma hilo nikaona kuwa katika mazungumzo ya mgonjwa na mpasuaji, kuambiwa kisichowezekana ni muhimu sawa na kuambiwa kinachowezekana.

Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Hitler waliivamia taasisi ile, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Hirschfeld alikuwa nje ya nchi na hakurudi tena. Alifia Ufaransa mwaka 1935. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa Dora aliuawa katika vurugu zile. Watafiti wa miaka hii ya karibuni wamegundua kuwa hakufa. Alirudi kwao, akapata jina lake kisheria mwaka 1934, akaishi mpaka 1966. Bibi wa miaka 74! Nilifurahi kama vile ni ndugu yangu.

Uingereza na Denmark: mlango wa uani

Baada ya vita kuu ya pili mlango ukawa mwembamba. Uingereza alikuwepo Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliyepata sifa kwa kutengeneza upya nyuso za askari waliojeruhiwa vita kuu ya kwanza. Kati ya mwaka 1946 na 1949 alimfanyia Michael Dillon upasuaji usiopungua mara 13 ili kumtengenezea uume, kwa kutumia ngozi ya mwili wake mwenyewe. Dillon alikuwa mwanafunzi wa udaktari Dublin, na alikuwa akienda kupasuliwa wakati wa likizo. Akirudi chuoni anachechemea, aliwaambia wenzake ni majeraha ya vita. Gillies naye aliandika kwenye faili kwamba anatibu kasoro ya kuzaliwa ya njia ya mkojo. Kwa hiyo hapa daktari na mgonjwa walidanganya pamoja, wakiwa upande mmoja, dhidi ya sheria na magazeti. Mwaka 1958 magazeti yalimpata Dillon. Akakimbilia India, akafia huko mwaka 1962.

Denmark ilitaka ruhusa ya Waziri wa Sheria. Ndivyo alivyofanyiwa Mmarekani Christine Jorgensen, na tarehe 1 Desemba 1952 gazeti moja la New York likamweka ukurasa wa mbele. Daktari wake, Christian Hamburger, akafurikiwa na barua. Mwaka 1953 alichapisha makala kuhusu watu 465 waliomwandikia kuomba msaada. Jibu la Denmark kwa maombi hayo? Ilifunga mlango kwa wageni.

Casablanca: asiyeuliza sana

Sasa tuje Afrika. Wengi wetu tunadhani habari hizi ni za Ulaya na Marekani tu. La hasha. Kwa karibu miaka ishirini, mji uliotajwa kwa minong'ono na kila aliyetafuta upasuaji huu ulikuwa Casablanca, Morocco. Pale Mfaransa aliyekulia Algeria, Georges Burou, daktari wa wanawake, alikuwa na kliniki yake binafsi. Kuanzia mwaka 1956 alianza kutumia njia aliyoibuni mwenyewe: badala ya kutupa ngozi ya uume, aliigeuza ndani nje na kuifanya kuta za uke. Msingi wa njia ile bado unatumika duniani kote hadi leo, pamoja na mabadiliko mengi. Mwaka 1958 alimfanyia mwimbaji wa Paris, Coccinelle. Mwaka 1960 akaja Mwingereza April Ashley.

Mwaka 1972 akafika mwandishi wa habari, na hapa mnaelewa kwa nini nilisoma kwa makini zaidi. Jan Morris ndiye aliyekuwa mwandishi wa gazeti la The Times katika safari ya 1953 iliyofika kilele cha Everest. Habari ile ilifika London kwa sababu yake. Alikuwa na mke na watoto. Madaktari wa Uingereza walikuwa tayari kumfanyia upasuaji, lakini kwa sharti moja: ampe mkewe talaka kwanza. Akakataa. Akapanda ndege kwenda Casablanca. Sheria iliwalazimisha kuachana baadaye, lakini waliendelea kuishi pamoja, na mwaka 2008 wakaandikisha muungano wao kiserikali. Jan alifariki mwaka 2020.

Burou hakuwa na dodoso. Uje na fedha zako, na uwe na uhakika na ulichokuja kutafuta. Kuna watakaosema huo ndio uhuru wenyewe. Mimi nasitasita. Ni kweli hakumdhalilisha mtu kwa maswali ya chumbani. Lakini mgonjwa aliyetoka mbali, bila daktari wa kumwangalia akirudi kwao, alibeba hatari zote peke yake. Kutoulizwa kitu si sawa na kuheshimiwa.

Marekani: watu wanakariri

Upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwaka 1966 hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ilitangaza kufungua kliniki maalumu. Katika miaka miwili na nusu ya mwanzo ilipokea maombi karibu 2000. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa 24. Nimeisoma namba hiyo mara mbili kuhakikisha.

Pakiwa na foleni ya namna hiyo, mtu anafanya nini? Anatafuta majibu ya mtihani. Mwaka huohuo wa 1966 daktari Harry Benjamin alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu watu hawa, na madaktari wakakitumia kama kipimo. Wagonjwa nao wakakisoma. Wakaja kliniki na hadithi zinazofanana: nimejua tangu utotoni, nauchukia mwili wangu wote, nikishafanyiwa nitaolewa na kuishi maisha ya kawaida. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford waligundua miaka ya 1970 kwamba hadithi zile zilikuwa zimekaririwa. Wengine wakalaumu wagonjwa kuwa ni waongo. Lakini jamani, ukiweka mlango unaofunguka kwa neno moja tu, unashangaa nini watu wote wakija na neno hilohilo?

Aliyekataa kukariri ni Lou Sullivan. Alizaliwa na kulelewa kama msichana, akajijua kuwa ni mwanamume, tena mwanamume anayependa wanaume. Angeweza kuficha hilo la pili. Hakuficha, na Stanford wakamkataa, maana kwenye fikra za wakati ule mtu wa namna hiyo hakuwepo. Alipata upasuaji kwingine, wa kifua mwaka 1980 na wa sehemu za siri mwaka 1986. Muda mfupi baadaye aligundulika kuwa na virusi vya ukimwi, na alifariki mwaka 1991. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwashawishi madaktari waache kumnyima mtu matibabu kwa sababu ya anayempenda.

Cairo: daktari anageuka mshitakiwa

Kisa cha mwisho ni cha Misri. Mwaka 1988 mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Al-Azhar, Sally Mursi, alifanyiwa upasuaji baada ya miaka kadhaa ya kuonana na wataalamu wa akili. Chuo kikamfukuza. Chama cha madaktari kikamwita mpasuaji wake kujieleza, na suala likafika kwa waendesha mashitaka. Mufti wa Misri, Sayyid Tantawi, alitoa fatwa Juni mwaka huo, na hadi leo wanazuoni wanabishana alimaanisha nini hasa, maana kila upande uliisoma kwa faida yake. Mwisho wa mwaka kesi dhidi ya daktari ilifungwa. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho mgonjwa aliyejawa hofu hakioni: mara nyingine na yule aliye upande wa pili wa meza anaogopa. Maswali yake mengine ni ya kujikinga yeye.

Leo unategemea nini?

Mwaka 1979 wataalamu waliunda chama kilichopewa jina la Harry Benjamin na kuandika miongozo ya kwanza ya matibabu haya. Kwa miaka mingi miongozo hiyo ilitaka barua mbili za wataalamu wa akili kabla ya upasuaji wa sehemu za siri, na mtu aishi kwanza katika jinsia yake kwa mwaka mzima. Toleo la nane, la mwaka 2022, linasema barua moja inatosha pale inapohitajika. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili. Nchi zina kanuni zake pia. Kule Thailand, kanuni za Baraza la Madaktari za mwaka 2009 zilitaka maoni ya madaktari wawili wa akili. Kwa hiyo mtihani haujaisha kabisa, ila umepungua na umehamia chumba kingine. Kwa mpasuaji, maswali sasa ni ya mwili.

Atakuuliza magonjwa uliyonayo, dawa unazokunywa, homoni ulizotumia na kwa muda gani, na upasuaji uliowahi kufanyiwa. Atauliza kama unataka watoto siku za mbele, maana baada ya kuondolewa korodani au mifuko ya mayai hakuna kurudi nyuma. Mbegu au mayai yahifadhiwe kabla. Atakukagua, na sehemu za siri zikiwemo kama ndizo zinazohusika. Una haki ya kuomba mtu wa tatu awemo chumbani. Huenda akaomba kupiga picha. Una haki ya kuuliza zinakwenda wapi.

Kisha atakueleza njia zilizopo. Kifua kina mikato tofauti kulingana na ukubwa wa matiti. Uke huweza kutengenezwa wenye kina au usio na kina. Wenye kina unahitaji kupanuliwa kwa vifaa maalumu, mara kadhaa kwa siku miezi ya mwanzo, na kwa kiasi fulani maisha yote. Vinyweleo vya eneo hilo huenda vikahitaji kuondolewa miezi kadhaa kabla. Uume huweza kutengenezwa kwa ngozi na mishipa ya kigasha cha mkono, njia iliyoelezwa na wapasuaji wa China mwaka 1984, au kwa kutumia kiungo kilichokuzwa na homoni. Ya kwanza inatoa umbo kubwa na kuacha kovu mkononi, ya pili ni ndogo na nyepesi zaidi. Mpasuaji mzuri atataja bila kuulizwa: kutoka damu, maambukizi, njia ya mkojo kuziba au kuvuja, ganzi ya kudumu, na uwezekano wa kurudi mezani kurekebisha. Akikwambia hakuna tatizo lolote, shika mkoba wako uondoke.

Na atakuuliza kama unavuta sigara.

Hapo ndipo niliporudi kwa rafiki yangu. Nilimpigia simu akaja na daftari lake. Ukurasa wa tatu alikuwa ameandika: "Sigara: sivuti." Mimi namjua. Anavuta, tena pakiti haimalizi siku mbili. Nikamuuliza kwa nini kaandika vile. "Wakijua watanikataa."

Nikamwambia nilichosoma. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyohamishwa inaishi kwa mishipa hiyo midogo. Ikikosa damu inakufa, na ukishapoteza ngozi ile huna nyingine ya kurudishia kirahisi. Ndiyo maana wapasuaji hutaka mtu aache wiki kadhaa kabla na baada. Miaka ya 1970 uongo wa kliniki ulimpa mtu upasuaji. Uongo huu wake ungeweza kuuharibu.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho bado kinanisumbua: "Miaka yote nimejifunza kusema kile ambacho watu wanataka kusikia. Nyumbani, shuleni, kazini. Sasa unaniambia kwa mtu mmoja tu, mgeni kabisa, niseme kweli?"

Ndiyo. Sikuwa na jibu jingine. Tuligeuza daftari, tukaanza kuandika upande wa nyuma. Safari hii maswali yalikuwa ya kwake kwa daktari. Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Wangapi walirudi kurekebishwa? Nitakaa karibu na hospitali wiki ngapi kabla ya kupanda ndege? Nikirudi kwetu nikipata homa usiku wa manane, nampigia nani, na daktari wa huku utamwandikia nini? Bei hii ina nini ndani na nini hakimo? Pasipoti yangu ina jina jingine: mtaniita nani mtakaponiamsha?

Swali hilo la mwisho lilinikumbusha Audrey Mbugua wa Kenya, ambaye Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha sekondari. Kwa wengi wetu vita huanzia kwenye karatasi, si kwenye kisu.

Miadi ni mwezi ujao. Hadi naandika haya ana siku kumi na moja bila sigara, na amekuwa mkali kama pilipili. Hajui kama atavumilia. Hajui daktari ataamua nini. Daftari analo, na ule upande wa mbele wenye majibu hajauchana. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ataubeba tu, kama mtu anavyobeba mwavuli siku ya jua.

Nimemwelewa. Na wewe msomaji, umeshawahi kuingia chumba cha daktari ukiwa na jibu la uongo mfukoni? Mimi ndiyo, na kwa jambo dogo kuliko hili. Tafakari, tutaonana tena panapo majaliwa.